Magari Matatu na Mgongo wa Mama

Nilipotangaza kwamba nanunua gari dogo la kutembelea, kaka yangu mkubwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema gari la chini halifai kwa watu wa Chonyonyo, kwamba nitaacha bampa kwenye korongo la kwanza na mshahara wangu kwa mafundi wa Kayanga. Nilimjibu kwamba mshahara ni wangu na bampa itakuwa yangu. Mama alinitazama kwa jicho kali, maana kaka hajibiwi hivyo nyumbani kwetu. Sijajuta.

Mama mwenyewe ndiye alikuwa sababu ya yote. Alikuwa ameteleza kwenye kibanja siku moja baada ya mvua, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaangukia kiuno. Daktari wa Bukoba alituambia bila kupindisha: akifika kila mwezi kwa matibabu na mazoezi, atatembea, akiacha, baada ya muda miguu itakataa. Safari ya kwanza tulikwenda kwa gari la kaka, lile lililoinuka analobebea magunia ya kahawa. Gari lile limetengenezwa kwa mzigo. Lisipokuwa na mzigo linarusha watu kama mahindi kwenye ungo. Mama aliporudi alilala siku nne bila kugeuka, na siku ya tano akasema, kwa Kinyambo chake cha taratibu, kwamba tumfikishie daktari shukrani zake, yeye harudi tena. Kama ni kulala, atalala hapa hapa, karibu na migomba yake.

Kaka alilikubali neno lile. Alisema mtu mzima akishaamua aheshimiwe. Mimi nililia kwa hasira, na ilikuwa hasira kuliko huzuni. Niliona wazi kwamba mama hakuikataa hospitali. Aliikataa barabara, na aliikataa kwa sababu ya kile tulichompandisha.

Basi niseme mimi ni nani katika habari hii. Ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Bugene, nimepita miaka hamsini. Ndoa yangu ilikwisha zamani na nilirudi kwetu na sanduku moja na leseni ya udereva. Watu walilisamehe sanduku, leseni hawakuisamehe. Mpaka leo wapo wanaoniuliza ninaendesha gari la nani.

Majina ya magari niliyoyajaribu sitayataja. Kila gari hapa kwetu lina wafuasi wake kama timu ya mpira, na mtu ukisema la kwake lina kasoro anaweza kukunyima salamu mwaka mzima. Nitayaita kwa rangi: jeupe, jeusi na la fedha. Yote yalikuwa yametumika Japani, yakaja kutumika tena hapa, na yote yalipitia kwa dalali mmoja wa Kayanga ambaye nilimfundisha darasa la tatu. Ni baba wa watoto wanne sasa, lakini bado ananiogopa, kwa hiyo alikuwa akiniachia funguo.

Nilitaka kuyapima kwa haki. Wanafunzi ukiwapa mitihani tofauti huwezi kusema nani wa kwanza. Kwa hiyo kila gari lilipita njia ile ile: vumbi la Chonyonyo mpaka Bugene, kisha lami mpaka daraja la Kyaka, halafu kurudi na kuupanda mlima wa Kyaka. Abiria alikuwa yule yule, mama, na mto wake ule ule wa kuegemea. Nilimshawishi kwamba tunakwenda kutembea tu, kununua samaki Kyaka. Hospitali sikuitaja. Nilikuwa nikitafuta starehe, nguvu, na gari litakalotulia kwenye lami likipishana na lori. Kaka alijiteua mwenyewe kuwa mtaalamu, akaja safari zote mbili za kwanza bila kualikwa.

Kuhusu kaka inabidi nieleze kidogo. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyekalishwa kwenye kiti chake mbele ya ukoo. Yeye ndiye omusika, mrithi mkuu. Tangu siku hiyo mama humwita "tata", yaani baba, na humpisha mlangoni. Gari likija, kiti cha mbele ni cha kaka kama kilivyokuwa cha baba. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo wala kulijadili. Mama hufungua mlango wa nyuma mwenyewe, na siku ile ya safari ya kwanza ya Bukoba, akiwa na kiuno kilichoumia, alifungua mlango wa nyuma mwenyewe.

Gari jeupe lilikuwa la mzee mmoja mstaafu wa Ihanda. Injini CC 1,500. Kwenye vumbi lilikuwa tamu ajabu, laini kama godoro jipya, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kwenye lami mambo yakabadilika. Kila kona liliinama, na tulipopishana na lori liliyumba, nikaukamata usukani kwa mikono miwili. Lakini aibu kubwa ilikuwa mlimani tukirudi. Nilizima kiyoyozi, nikazima na ovadraivu ili gia ishuke, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ilipiga kelele, na mwendo ukabaki ule ule. Mbele yetu palikuwa na lori la magunia likipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani akiwa amewahi. Nilijaribu kulipita mara moja, nikaona sitaweza, nikarudi nyuma yake. Tulikula moshi wake mlima mzima, nikifunga breki, nikiachia, nikifunga.

"Ndiyo haya niliyokuwa nakwambia," kaka alisema. "Gari la mwanamke hili."

"Kwani lile lori linaendeshwa na nani? Mbona nalo linatambaa?" nilimjibu.

Nyumbani nilimuuliza mama ameionaje safari. "Nzuri, waitu," alisema, kwa neno letu la heshima. "Gari ni zuri sana." Nikaandika kwenye daftari langu: starehe, nzuri sana.

Jeusi lilikuwa la mfanyabiashara wa Nkwenda, na lilifika limejaa vumbi la Kyerwa mpaka kwenye vipini vya milango. Injini CC 2,000, matairi membamba, rimu zinazong'aa kama sufuria ya harusi. Kaka alilipenda kabla hata halijawashwa. Na mimi nikiri: kwenye lami lilinipendeza. Linakamata barabara. Kona inakuja, gari haliinami, halisemi neno. Mlima wa Kyaka lilipanda kana kwamba hakuna mlima. Nililipita lori moja, nikalipita la pili, na nilijisikia msichana. Kaka alikuwa amekilaza kiti chake nyuma, amenyoosha miguu, anapiga dashibodi kwa kiganja. "Hili ndilo gari! Hili ndilo gari, mwalimu!"

Tatizo lilikuwa vumbi la kwetu. Kati ya Chonyonyo na Bugene, kwenda na kurudi, kila jiwe lilijitambulisha. Nilipunguza mwendo mpaka bodaboda zikatupita, lakini bado lilikuwa likigonga, gu, gu, gu, na kila kishindo nilikisikia kwenye meno yangu. Nilitazama kwenye kioo. Mama alikuwa ameketi upande, magoti yameelekea mlangoni, mkono mmoja umeshika kipini cha juu ya dirisha. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, utulivu wa mtu anayepigwa picha.

"Umeionaje, mama?"

"Nzuri, waitu. Gari ni zuri sana."

Halafu nikamuuliza, na ile ya kwenda Bukoba, gari la kaka, alilionaje? Hakufikiri hata kidogo. "Lilikuwa zuri sana. Tata alinibeba vizuri."

Gari lililomlaza siku nne lilikuwa zuri sana. Hapo nilijiona mjinga kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumsimamisha ubaoni. Mimi ni mtoto wa watu hawa hawa. Nimelelewa nikijua kwamba mgeni akiwekewa chakula hasemi hakina chumvi, na mtu akibebwa halalamikii kilichombeba. Mama asingeniambia kasoro ya gari lolote hata kama lingemvunja mguu. Na mimi nilikuwa nimeandika "nzuri sana" kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mama alivyoketi, nikatafuta jambo ambalo asingeweza kulificha. Nikalipata. Mama ana kahawa yake ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, tunayompa mgeni kabla ya chochote. Huifunga kwenye pindo la khanga, na akiwa ametulia mdomo wake haupumziki. Kwenye gari jeupe alitafuna mpaka tulipofika mlimani nyuma ya lori, kisha akaacha. Kwenye jeusi alitafuna kwenye lami, akaacha kila tulipokuwa kwenye vumbi. Taya la mama lilikuwa limenipa majibu yote, mimi nikawa nasikiliza adabu yake.

Nikajifunza na jambo jingine, na hili napenda kuwaambia wanaume wanaobishana kuhusu magari pale stendi ya Kayanga. Wanasema uchague, ama starehe ama nguvu. Si kweli. Kwa mtu mwenye maumivu, nguvu ni sehemu ya starehe. Gari lisiloweza kulipita lori linamwongezea mgonjwa nusu saa ya breki na moshi. Na gari lenye nguvu lakini gumu linampelekea uchungu haraka zaidi, basi. Nilihitaji kitu cha katikati, na kwa dharau zote za kaka, cha katikati kilikuwapo.

La fedha lilikuwa la mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa Muleba, aliyehamishwa. Lilikuwa baya kwa macho. Mlango mmoja umebonyea, vitambaa vya viti vimepauka. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Mama alipoisikia mara ya kwanza aliitikia kwa Kinyambo, kwa heshima zote, akauliza na habari za nyumbani. Injini CC 1,800, shokapu mpya, matairi ya unene wa wastani. Kwenye vumbi halikuwa godoro, lakini lilimeza mashimo bila kuyatangaza.

Tulipofika Bugene, kaka alikuwa amesimama barabarani akitusubiri. Aliingia mbele, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, kama kawaida yake. Nilisikia kitu, sauti ndogo sana, kama mtu anayeanza kukohoa akaghairi. Niligeuka. Magoti ya mama yalikuwa yamebanwa. Alikuwa ameyageuza mlangoni, kiuno kimepinda, na kahawa aliyokuwa akitafuna tangu Chonyonyo ilikuwa imesimama shavuni.

Safari mbili nilikuwa nimepima shokapu na matairi, na muda wote huo mama alikuwa amekunjwa nyuma ya kiti cha kaka. Hata kama ningemletea gari la rais angeumia.

"Kaka, naomba uhamie nyuma, mama akae mbele," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue shati. "Mbele wapi?"

"Hapo ulipo. Kiti hicho kinalala, kina nafasi ya miguu. Mwenye mgongo ni yeye."

Kabla kaka hajajibu, mama alijibu kwa niaba yake. "Acha! Nikae mbele, tata akae nyuma yangu? Watu watasema nini?"

Niliupoteza uvumilivu wangu wote pale pale. Nilisema mambo mengi na siyakumbuki yote. Nakumbuka nilisema watu hao hawatakuja kumgeuza kitandani. Nakumbuka nilisema baba amelala kaburini na hahitaji kiti cha gari. Hilo la baba lilikuwa zito mno, na kaka alishuka. Hakupiga mlango, aliufunga taratibu, na ule utaratibu uliniuma kuliko kishindo. Alipanda bodaboda akaenda zake. Mama alianza kunong'ona sala.

Niliondoa gari. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mama alikuwa bado nyuma, na nilikuwa na kichwa kigumu cha kutosha kumwacha hapo. Tulipopita mlima, tukaanza kuteremka upande wa Kyaka, aliuliza kama nina watu ninaofahamiana nao huku. Nikasema sina.

"Hata mimi huku hawanijui," alisema. "Simama."

Akahamia mbele. Nilikilaza kiti, nikaweka mto, nikamfunga mkanda. Alinyoosha miguu mpaka mwisho, akaitazama kama si yake. Kisha akafungua pindo la khanga. Alitafuna mpaka Kyaka, alitafuna darajani, alitafuna mlimani tukirudi. Lori lilikuwapo, nikakanyaga, gari likashusha gia lenyewe, likapita kwa heshima bila fujo. Hakuacha kutafuna. Nilitamani kupiga kelele kwa furaha. Lakini kabla ya kuingia Bugene alisema tena, "Simama," akarudi nyuma kwa miguu yake, akajifunika khanga vizuri, na tukaingia mjini kama watu wenye adabu.

Nililinunua siku ile ile. Fundi alilikagua juu na chini, hakuona la kunitisha.

Kumfanya akubali Bukoba kulichukua jioni tatu. Sikumbembeleza. Nilimwambia ukweli: kwamba Kyaka na kurudi amekwenda bila kulala hata siku moja, na Bukoba ni kama hapo mara mbili. Alisema atakwenda mara moja tu, kwa sababu yangu, na akaomba nisimwambie tata. Nilikataa. Nilisema simfichi kaka mambo ya mama yake. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamwomba radhi kwa neno la baba, na neno hilo tu.

Asubuhi ya safari nilifika Chonyonyo jua likiwa tayari limepanda. Kwa kuwa uani hapakuwa na mtu, mama alikubali kuingia mbele, akiamini tutatoka kabla ya majirani kuja na salamu zao. Nilikuwa nazunguka kwenda kwenye usukani nilipoona watu njiani, wanawake wawili wenye majembe na mzee wa jirani, na nyuma yao kaka. Alikuwa amevaa koti la shughuli. Alisema anakwenda nasi, mama hawezi kupelekwa hospitali bila mtoto wa kiume kana kwamba hana watu. Aliwasalimu wote, akawaamkia waliomzidi umri, akaja moja kwa moja mpaka mlango wa mbele akaufungua.

Akamkuta mama.

Wanawake wale walisimama. Niliona mkono wa mama ukienda kwenye mkanda, ukashika kifungo, na nilijua akishuka pale, mbele ya watu wale, amekwisha kushuka moja kwa moja. Atapanda nyuma, atafika Bukoba amepinda, atarudi atalala siku nne, na atatuma shukrani kwa daktari. Nilifungua mdomo nimpigie kaka kelele. Nikaufunga. Nilikuwa nimeshapiga kelele za kutosha mwezi ule, na hiki kiti hakikuwa changu.

Mama aliutoa mkono kwenye mkanda.

"Mwanangu," alimwambia. Hakusema tata. Tangu maziko ya baba sikuwa nimemsikia akimwita hivyo. "Panda nyuma. Mgongo unaouma ni wangu."

Kaka alibaki ameshika mlango. Uso wake ulipita mambo mengi, na sitaki kumwonea: huyu ni mtu aliyembeba mama mgongoni kutoka kwenye migomba siku ile alipoanguka. Mwishowe aliufunga mlango, akajaribu kama umefunga sawasawa, akapanda nyuma. Mzee wa jirani alianza kikohozi ambacho hakikuwa na sababu. Mama alimpungia mkono.

Kwenda mambo yalikuwa mazito kidogo. Daktari alimpokea, akamnyoosha, akamchoma sindano, akampangia mazoezi. Kurudi, baada ya Kyaka, tukalikuta lori mlimani, limejaa, linatambaa, na nyuma yake foleni ndogo ya watu waliokata tamaa. Barabara mbele ilinyooka na mstari ukawa wa vipande.

"Usilipite," kaka alisema kutoka nyuma. "Subiri kwanza. Huwezi kujua mbele kuna nini."

"Wewe ndiye huwezi kujua, uko nyuma," mama alisema. "Mimi naona mpaka kule juu. Hakuna kitu. Lipite, mwanangu."

Nikalipita. Juu ya mlima alitazama malori mengine yaliyokuwa yakija kwa mbali, akayahesabu kwa kidole, kisha akasema mwezi ujao tuondoke mapema zaidi, kabla hayajaamka.